Gia Namba Moja na Picha ya Mama

9 Juni, Jumatatu. Uyole, Mbeya

Baridi ya kupasua midomo. Nimeamshwa na simu ya mdogo wangu Lea, kutoka kijijini kwetu Igowole, Mufindi. Moyo ukaruka. Nikajua msiba. Siyo! Mama mzima kabisa, Lea anasema jana tu kamfukuza mbuzi wa jirani mpaka barabarani. Ila anataka kupigwa picha. Picha gani? Picha ya msiba wake.

Nikakaa kitandani.

Lea akanieleza taratibu. Wiki iliyopita walimzika Mzee Bartholomeo, jirani yetu. Mbele ya jeneza mjukuu akabeba picha ya marehemu, kama kawaida. Sasa mzee wa watu hakuwahi kupigwa picha maishani mwake isipokuwa ya kitambulisho cha kura. Wakaikuza hiyo hiyo. Kakunja uso, macho yamemtoka, kama mtu aliyekutwa na ng'ombe asiye wake. Watoto wakalia. Si kwa huzuni, kwa woga. Mama akarudi nyumbani, akavua viatu, akatangaza kwamba yeye hatazikwa na uso wa polisi. Anataka picha nzuri sasa hivi, angali na meno ya mbele. Wajukuu watamkumbuka kwa picha hiyo, hataki wamwogope.

Nimeona ni busara. Mama yangu ana kichwa, mimi nimerithi.

Ndipo Lea akaniharibia asubuhi. Eti mpiga picha ni mume wake, Fanueli. Kwa simu yake mpya.

Fanueli! Shemeji yangu, mwalimu mstaafu, mtu anayepiga picha sahani ya maharage kabla hajala. Picha yake ndiyo itangulie mbele ya jeneza la mama yangu? Igowole nzima iulize nani kapiga, waambiwe mkwe, na mtoto wa kwanza wa kiume yupo, anapumua, amevaa koti?

Nikamwambia Lea amzuie Mama. Mimi nina kamera. Kubwa. Ya kidijitali. Akauliza tangu lini. Nikamjibu tangu zamani sana, nilikuwa sipendi kujionyesha.

Sina kamera. Lakini namshukuru Mungu nina akili.

10 Juni, Jumanne

Sasa nina kamera!

Nimekwenda mjini kwa Fatmabai, mwenye duka la vitu vya mitumba: redio, saa za ukutani, pasi. Tunajuana tangu enzi za marehemu mumewe, nilipokuwa namletea mizigo kwa lori kutoka Dar. Kamera ilikuwa kabatini, nyuma ya pasi, inaniangalia. Tumeelewana kwa viazi. Viazi vyangu vya Uyole havijawahi kumwacha mtu na moyo mgumu.

Fatmabai ni mwalimu mzuri, namshukuru, ila hajawahi kuendesha lori. Juu ya kamera kuna kigurudumu chenye namba. Mia moja, mia mbili, zinapanda mpaka elfu tatu na mia mbili. Halafu pembeni kuna neno AUTO. Akasema hiyo inaitwa ISO. Ndiyo inayoiambia kamera ijitahidi kiasi gani kuona mwanga. Juani namba ndogo, gizani namba kubwa. Kisha akashusha sauti kama anamwambia mgonjwa: dereva, wewe weka Auto, usiguse. Itajipimia yenyewe. Ikiingia gizani itapandisha, ikitoka nje juani itashusha.

Nikatabasamu. Mimi! Mtu niliyeshuka Kitonga na mzigo wa saruji, breki hazipo, klachi imekatika, huku nakunywa chai! Nyuma yangu magari yote yalisimama yakapiga honi kwa heshima. Mtu huyo aiachie mashine ijichagulie gia?

Otomatiki naijua. Nilishaendesha gari moja la namna hiyo la bwana mkubwa. Mlimani Kitonga likajichagulia gia lenyewe. Nilimwona malaika pembeni ya barabara akinipungia mkono nipunguze mwendo. Nikaapa, siyo tena.

Halafu Fatmabai kachanganya. Giza ni nini? Giza ni mlima. Kamera inahema, inavuta mzigo. Kwenye mlima dereva anaweka gia ndogo, gia namba moja, ndiyo yenye nguvu. Jua ni tambarare, pale unaweka gia kubwa unakwenda. Yeye ananiambia kinyume. Mlimani nipandishe gia? Injini itazima!

Sikumsahihisha. Ni mtu mzima, na alinipa kamba ya kuvaa shingoni bure. Mungu amzidishie.

11 Juni, Jumatano. Safarini

Basi limesimama Igawa, watu wachimbe dawa vichakani. Jua safi. Wanawake wa vitunguu wakanizunguka kwa sababu ya kamera shingoni. Mmoja akaniuliza mimi ni wa gazeti gani. Nikasema yote.

Nikaona nifanye mazoezi. Jua hili ni tambarare tupu, na barabara yenyewe ni tambarare. Gia kubwa! Nikazungusha hadi mwisho, elfu tatu na mia mbili. Nikawapanga, nikawaambia wanyanyue ndoo za vitunguu, nikapiga.

Tukaangalia kioo cha nyuma ya kamera. Weupe. Weupe juu ya weupe. Ukiangalia sana unaona pua ya mtu, na mbali kidogo kitunguu.

Yule mama mwenye kilemba akaniuliza: anko, umetupiga picha au umetupaka chokaa? Mwenzake akataka kujua kichwa chake kimekwenda wapi. Nikamweleza kwamba kimeingia kwenye nuru, kama watakatifu. Walicheka mpaka konda akashuka kuona nani kaanguka. Mama mwenye kilemba akanitupia fungu la vitunguu dirishani, akasema jamani mpeni, huyu baba anaumwa, hajajua tu.

Nashukuru sana. Vitunguu vya Igawa ni vitamu kuliko vyote. Na kosa nimeligundua: jua la Igawa limezidi. Si kamera.

12 Juni, Alhamisi. Igowole

Nimefika. Ukungu umelala juu ya mashamba ya chai, hata ng'ombe wanakohoa. Mama alikuwa anapalilia maharage, amevaa koti la marehemu Baba. Nikamsalimu: kamwene, Mama. Akaitikia: kamwene, mwanangu, umekonda, kichwa tu ndiyo kimenenepa. Nimefurahi. Macho yake yanaona vizuri tangu madaktari wa Tosamaganga walipomtoa mtoto wa jicho, namshukuru Mungu kwa ajili yao.

Habari tamu kuliko zote: Fanueli hakusubiri! Alishampiga Mama kwa simu juzi, na Mama kaikataa. Lea kanionyesha kwa siri. Simu ya shemeji ina kitu cha kupendezesha uso. Imemfuta Mama makunyanzi yote, imempaka midomo, imemchonga kidevu. Msichana wa kipaimara! Mama alimuuliza Fanueli huyu binti ni nani, na kwa nini amevaa kilemba chake. Akasema: mkinizika na huyu, watu watauliza aliyekufa ni nani, na huyu mrembo kaolewa?

Nilicheka jikoni, nikacheka uani, nikaenda kucheka tena nyuma ya banda la kuku.

Fanueli hakununa. Alikiangalia kifaa changu akaniuliza: shemeji, hiyo ni kamera au mashine ya kupimia presha? Nikamwambia ni ya kupimia wivu, na mshale umefika mwisho.

Wakati wa kula nikawasimulia yote. Fatmabai, Auto, Kitonga, malaika. Nikawaeleza kwa nini giza ni gia namba moja. Fanueli akataka kubisha, akafungua mdomo wa darasani kabisa, nikamkumbusha kwamba hana leseni hata ya pikipiki. Mama alikuwa anachochea moto. Aliuliza mara moja tu: yule mwenye duka, kamera alikuwa nayo muda mrefu? Nikasema miaka. Akasema mm.

Kisha akatoa masharti. Jumamosi. Jikoni kwake, kwenye kigoda chake, pale ndipo alipotulea. Atavaa sare ya akina mama wa kanisa. Hataki radi ya kumulika machoni. Na atakaa mara moja tu, ana maharage yake. Nikishindwa, basi, amwite huyo binti mrembo wa kwenye simu, akazikwe naye.

Maneno hayo yamenikaa kifuani. Mama hatanii anapokuwa anachochea moto.

13 Juni, Ijumaa

Mazoezi jikoni kwa Mama.

Jiko lile ni mlima kweli. Mlango mmoja, ukuta mweusi kwa masizi, mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya moshi. Nikaweka gia namba moja. Namba ya chini kabisa, nguvu zote. Nikampiga kuku aliyekuwa analalia mayai. Kamera ikasema kli... nikasubiri... ik. Inavuta mzigo! Niliisikia inavuta.

Kuku katoka na vichwa vingi. Nikasema kuku hajatulia. Fanueli akasema kuku kalala.

Nikamwambia basi akae yeye, kama anajua kutulia. Akakaa kwenye kigoda, mikono magotini, kama anasubiri mshahara. Kli... ik. Fanueli ana pua mbili na shingo ya moshi. Nikamwonyesha. Nikamwambia kamera haidanganyi, shemeji, leo umejiona ulivyo. Lea alicheka akakaa chini. Fanueli mwenyewe akacheka, nampendea hilo, hana kinyongo. Halafu akaniambia polepole, bila utani, nijaribu walau mara moja ile Auto aliyoisema mama wa dukani. Maana Mama hatakaa mara mbili.

Nikamjibu kwamba injini ya kamera ni ya baridi. Imetoka Mbeya imekuja kwenye ukungu. Kesho itakuwa imepata moto.

Nimeilaza karibu na jiko, nimeifunika sweta langu.

14 Juni, Jumamosi

Sijui nianzie wapi. 

Mama alitoka chumbani amevaa sare, kilemba kimenyooka, amejipaka mafuta mpaka shavu linang'aa. Mama yangu mzuri! Akakaa kwenye kigoda, uso umeelekea mlangoni. Akasema haya, dereva.

Gia namba moja. Kli... ik. Mama ana macho manne.

Nikamwambia atulie zaidi. Akatulia. Mdomo wa juu ukahamia shavuni.

Nikamwambia asipumue. Akaziba pumzi. Nilikuwa bado natafuta pembe nzuri, nikasogea kushoto, nikarudi kulia, nikapiga magoti, Lea akapiga kelele kwamba Mama anabadilika rangi! Tukampigapiga mgongoni. Akakohoa, akasema: nilitaka picha ya msiba, sikusema leo.

Fanueli alisimama mlangoni. Simu ilikuwa mkononi mwake. Hakuinyanyua, lakini niliiona. Na Mama aliiona. Nikamwangalia Mama, nikaona bega limeshuka. Lile bega sijawahi kuliona likishuka, hata siku tulipomzika Baba. Akasema kwa sauti ndogo: basi, Saulo, acha, wengine wanazikwa bila picha na mbinguni wanaingia.

Jamani. Jasho lilinitoka kwenye baridi ya Mufindi.

Nikasema Mama, mara moja tu, najaribu gia ya pili. Ndipo aliponyanyuka, akaenda kuchukua mwiko, akarudi kukaa nao. Akasema niweke pale aliposema mwenye kamera. Nikaanza kumweleza habari za mlima. Akasema: Saulo, mimi nilikuzaa bila gia! Mwenye jiko ndiye anajua chungu chake. Yule mama kakaa na kamera miaka, wewe tangu Jumanne. Weka.

Niseme nini? Mtu anashuka Kitonga bila breki, lakini hambishii mama yake aliyeshika mwiko.

Nikazungusha. AUTO. Mdomo umenivimba kama wa mtoto aliyenyimwa nyama. Mama alipouona ule mdomo, akashindwa, akacheka.

Klik. Fupi! Hata sikuamini kama imepiga.

Tukaangalia kioo. Mimi, Lea, Fanueli, vichwa vimegongana.

Ni Mama. Mwanga wa mlangoni umemlalia shavu moja, lingine liko kwenye kivuli laini. Makunyanzi yote yapo, kila moja mahali pake. Moshi unapanda nyuma yake, juu mahindi yananing'inia. Kuna chengachenga kidogo kwenye ukuta, kama unga wa dona, hazisumbui. Na anacheka, meno ya mbele yanaonekana, na mwiko umeshikwa mkononi kama fimbo ya askofu.

Mama akaipokea kamera kwa mikono miwili. Akaangalia muda mrefu. Moto ulilia. Halafu akasema: ndiye mimi. Huyu wajukuu hawatamkimbia.

Fanueli akavua kofia, akanipa mkono, akasema hongera shemeji. Simu yake akaitia mfukoni. Lea alikuwa anafuta macho kwa kanga. Mimi pia nilitoka machozi, lakini kwangu ilikuwa moshi.

Ahsante Mungu. Ahsante kwa mama aliye hai na anayecheka kwenye picha ya msiba wake.

15 Juni, Jumapili

Fanueli aliondoka jana ile ile kwenda Mafinga, kwa bodaboda, kwenye ukungu ule, kaisafisha picha na kuitia kwenye fremu. Hakuambiwa na mtu. Nimemshukuru mbele ya watu, nikasema ana moyo mzuri kwa mtu asiye na kamera.

Mama kaenda na fremu kanisani, ameificha ndani ya kanga. Baada ya misa akaitoa. Basi! Bibi Anjela wa ng'ambo ya mto akamwambia ukifa kesho nitakuonea wivu. Mzee mmoja mwenye fimbo akauliza kama mpiga picha ni wa Iringa mjini. Mama akanionyesha kwa kidole. Wazee wote wakageuka wakaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo tangu nilipolivuta basi lililokwama Makambako kwa ukanda wa suruali.

Wote wanataka. Kila mmoja ana hofu ya kitambulisho cha kura. Bibi Anjela ananiletea kuku. Nimekubali, kwa unyenyekevu.

Nimekaa nikafikiria kwa nini picha ilitoka nzuri vile. Jibu ni rahisi. Siku mbili nimeikokota ile kamera mlimani kwa gia namba moja. Jana ilikuwa imeshafika kileleni, imeshapata moto, ikiteremka yenyewe. Hapo hata utingo anaweza kushika usukani. Auto ilinikuta nimeshamaliza kazi.

Mama sijamweleza. Mtu mzima akifurahi, muache afurahi.

17 Juni, Jumanne

Wazee wamejaa uani tangu ukungu haujatoka. Sare zimepigwa pasi, vilemba vimenyooka. Kuku wa Bibi Anjela keshafungwa mguu. Kazi ni jikoni kwa Mama, wote wanataka ule moshi. Lea anawapa chai. Fanueli anawapanga foleni, anawaambia waende kwa shemeji yake, mtaalamu. Nimesikia vizuri: mtaalamu. Mungu ambariki mwalimu yule.

Nilipochukua kamera asubuhi nikakuta Mama ameifanyia kitu. Kile kigurudumu cha juu amekizungushia uzi mweusi wa kushonea, akaukaza, akafunga fundo na fundo juu ya fundo, neno AUTO likiwa limesimama juu kabisa. Nikamuuliza Mama, hii ni nini? Akaniangalia usoni, akasema ni pambo.

Nimeguswa sana. Mama ana miaka mingi, vidole vyake vinauma kwa baridi, lakini ameamka mapema akashika sindano ili kamera ya mwanawe ipendeze mbele za watu. Ni wangapi wanapendwa hivi?

Nimejifungia chumbani nikaukata kwa wembe, taratibu sana, nisiuchubue. Nimeuweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi ya shukrani. Kisha nikazungusha gurudumu likarudi gia namba moja, maana wazee hawa ni mzigo mkubwa na jiko lile ni mlima.

Ahsante, Mama. Natoka sasa, wananiita.